Drakma, Yuro na Viwanja vya Mpira: Tarikhi ya Wagiriki na Hazina Yao

Mwezi wa Julai mwaka 2015, raia wa Ugiriki waliitwa kwenye masanduku ya kura kujibu swali moja tu: wayakubali masharti ya wadai wao, au wayakatae? Zaidi ya sitini katika kila mia walikataa. Walakini katika siku zizo hizo, kila aliyewauliza kama nchi iiache sarafu ya yuro na kuirudia drakma ya zamani aliwakuta walio wengi wakisema hapana kwa nguvu ile ile. Watazamaji wa mbali waliyaona hayo kuwa ni ukinzani wa akili, wakalihukumu taifa zima kuwa halijui litakalo, kwamba lataka fedha ya wenziwe na halitaki kulipa kodi yake. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ni ya haraka, na ndani yake mna dhuluma. Mambo matatu ambayo wageni huyataja pamoja kila wanapowakebehi Wagiriki, yaani sarafu, ukwepaji wa kodi, na mapenzi makali kwa klabu za mpira, yana mzizi mmoja, nao ni historia ya raia na hazina ya dola yake. Na mzizi huo haufukuliwi ila kwa kurudi nyuma karibu karne mbili.

Deni lililotangulia dola, 1824–1893

Wagiriki walikuwa bado vitani na dola ya Uthmaniya, hawana mfalme wala mji mkuu wa kudumu, walipokwenda London kukopa. Mkopo wa 1824 uliandikwa pauni 800,000 na wa 1825 pauni 2,000,000, lakini hati zake ziliuzwa kwa kiasi cha nusu na kidogo tu ya thamani iliyoandikwa; na baada ya madalali kuchukua ujira wao na riba ya mwanzo kukatwa kabla fedha haijavuka bahari, kilichowafikia wapiganaji kilikuwa haba, ilhali deni lilibaki zima kama lilivyoandikwa. Kabla ya miaka mitatu kwisha malipo yalisimama, na shauri la mikopo hiyo halikumalizika hadi 1878.

Gavana wa kwanza, Ioannis Kapodistrias, alipiga sarafu iliyoitwa feniksi mwaka 1828, akajaribu kujenga forodha na utawala wa kati katika nchi ambayo kila jimbo lilikuwa na wakubwa wake waliozoea kukusanya ushuru kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1831 aliuawa mlangoni mwa kanisa mjini Nafplio na watu wa ukoo mmoja mkubwa wa Mani, ukoo uliokuwa umegombana naye juu ya mamlaka na mapato. Baada yake Uingereza, Ufaransa na Urusi zilimleta Otto, kijana wa kifalme kutoka Bavaria, pamoja na mkopo wa faranga milioni 60 na sarafu mpya iliyopewa jina la kale, drakma. Mwaka 1843 malipo ya mkopo huo nayo yalikwama.

Yafaa tusimame kidogo juu ya kodi ya zama hizo, kwani ndiko mkulima wa Kigiriki alikojifunza kuitazama dola kwa jicho la wasiwasi. Kodi kubwa ilikuwa sehemu ya kumi ya mavuno, nayo haikukusanywa na watumishi wa serikali bali iliuzwa kwa mnada, na aliyeshinda mnada alilipa kiasi alichoahidi, kisha akaenda vijijini kujirudishia fedha yake na faida juu. Mkulima hakuruhusiwa kuipeleka nafaka ghalani kabla mtu huyo hajafika kwenye uga wa kupuria na kuipima. Akichelewa, na aghalabu alichelewa, mvua iliikuta nafaka nje, nayo ikaoza mbele ya macho ya mwenyewe. Basi kuficha magunia mawili matatu usiku hakukuwa aibu kijijini, bali kulihesabiwa kuwa ni uangalifu wa baba mwenye watoto. Waziri Mkuu Harilaos Trikoupis aliiondoa kodi hiyo mwaka 1880, akaweka badala yake kodi juu ya wanyama wa kulimia. Lakini mazoea ya vizazi hayaondolewi kwa sheria ya siku moja.

Wakati huo huo Ugiriki ilikuwa imekwisha kuingia katika muungano wake wa kwanza wa sarafu. Mwaka 1868 ilijiunga na Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi katika Umoja wa Sarafu wa Kilatini, ambamo sarafu za nchi hizo zilikuwa na uzito mmoja wa dhahabu na fedha. Ilikuwamo kwa jina, lakini mara kwa mara hazina ilipozidiwa serikali ililazimisha noti zipokewe bila ya kubadilishwa kwa madini, na drakma ya karatasi ikashuka chini ya faranga ambayo kwa mkataba ilikuwa sawa nayo. Trikoupis alijenga reli, akasimamia kuchimbwa kwa mfereji wa Corinth, akakopa tena na tena. Na nchi nzima iliegemea zao moja, zabibu kavu, ambazo Wafaransa walizinunua kwa wingi mizabibu yao ilipokuwa inakufa kwa wadudu. Mizabibu ya Ufaransa ilipopona na ushuru wa forodha yao ukapanda, bei iliporomoka, na mwezi wa Desemba 1893 Trikoupis alisimama bungeni akatangaza kwamba taifa limefilisika.

Miaka minne baadaye Ugiriki ilishindwa vitani na Waturuki, ikatakiwa kulipa fidia, na kwa hiyo mwaka 1898 dola kubwa za Ulaya ziliweka mjini Athens tume ya kimataifa ya kusimamia mapato yaliyowekwa rehani kwa wadai. Mapato hayo yalikuwa ya chumvi, mafuta ya taa, viberiti, karata, karatasi za sigara, tumbaku, stempu, na forodha ya bandari ya Piraeus. Mwanamke aliyenunua kiberiti dukani Athens alikuwa analipa kwa mdai wa ng'ambo kabla hajawasha moto wa jiko lake, naye alilijua hilo. Tume iliweka mambo sawa, na drakma ikapata nguvu tena. Ila raia alibakiwa na fikira kwamba kodi ni kitu kinachokwenda kwa wengine.

Noti zilizokatwa, na watu waliovuka bahari, 1922–1932

Mapema mwaka 1922 jeshi la Ugiriki lilikuwa limekwama ndani ya Anatolia, hakuna aliyekubali kuikopesha serikali, na kuchapa noti zaidi kungeiua drakma kabisa. Waziri wa Fedha, Petros Protopapadakis, alibuni njia ambayo kabla yake haikupata kuonekana. Kila mwenye noti aliamriwa aikate katikati kwa mkasi. Nusu ya kushoto, yenye sura ya Georgios Stavros, mwasisi wa Benki ya Taifa, iliendelea kutumika kama fedha kwa nusu ya thamani ya noti nzima. Nusu ya kulia, yenye taji la kifalme, ilipelekwa benki kubadilishwa kwa hati ya mkopo wa serikali. Kwa amri moja nusu ya fedha taslimu iliyokuwa mifukoni mwa watu, ya tajiri na ya mchuuzi wa samaki, iligeuka kuwa deni ambalo hazina iliwaahidi kulilipa baadaye. Wako waliousifu ujanja wa hesabu ile, na kwa hesabu tupu huenda walikuwa na hoja. Lakini aliyekaa mezani kwake akaukata ujira wake kwa mkono wake mwenyewe hakulisahau jambo hilo. Tena mwaka 1926, chini ya utawala wa Jenerali Pangalos, noti zilikatwa mara ya pili, na robo yake ikageuzwa mkopo.

Fedha ile haikuviokoa vita. Mwezi wa Septemba 1922 mji wa Smyrna uliungua, na kwa mkataba wa Lausanne wa 1923 Wakristo wa Anatolia walipelekwa Ugiriki, na Waislamu wa Ugiriki walipelekwa Uturuki. Nchi yenye watu kama milioni tano iliwapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja. Protopapadakis alipigwa risasi mwezi wa Novemba 1922 pamoja na wakubwa wenziwe watano, waliohukumiwa kwa msiba huo.

Hapa ndipo mpira unapoingia katika masimulizi haya. Klabu zilikuwapo kabla: Panathinaikos iliasisiwa Athens mwaka 1908, na Smyrna yenyewe ilikuwa na Panionios na Apollon, ambazo zilihamia Athens pamoja na watu wao. Lakini wakimbizi waliotua katika mahema, katika ghala za bandarini na katika vibanda vya mbao pembezoni mwa miji, wakinyanyapaliwa na wenyeji kwa matamshi yao na kwa umaskini wao, walihitaji kitu chao wenyewe. Mwaka 1924 wale waliotoka Constantinople waliunda AEK mjini Athens, na mwaka 1926 wenzao wa Thessaloniki wakaunda PAOK. Klabu zote mbili zilivaa tai mwenye vichwa viwili wa Bizanti, na herufi ya K katika majina yao ni ya mji walioupoteza. Olympiacos iliasisiwa Piraeus mwaka 1925, miongoni mwa mabaharia, wachukuzi na wenye viwanda vya bandarini, ikawa fahari ya mji uliodharauliwa na Athens. Katika kitongoji cha wakimbizi cha Nea Filadelfeia, AEK ilipewa ardhi, na uwanja ukajengwa huko.

Mtu yule yule aliyeficha mapato yake asionekane na mtoza kodi, mtu ambaye noti yake ilikuwa imekatwa kwa amri, aliitoa drakma yake kwa hiari mlangoni mwa klabu. Sioni ajabu hapo. Klabu alikuwa anaiona. Alimjua mtunza fedha wake, na siku ya Jumapili aliwatazama vijana kumi na mmoja waliovishwa jezi kwa mchango wake. Dola ilikuwa mbali, na mara mbili katika miaka minne ilikuwa imemtia mkononi mkasi.

Njaa, vita, na hesabu zisizosomeka, 1932–1954

Mwaka 1928 Benki Kuu ya Ugiriki ilianzishwa, na mwaka 1932, dunia ilipokumbwa na mdororo wa uchumi, serikali ya Eleftherios Venizelos iliachana na dhahabu na kusimamisha malipo ya madeni. Kisha ukaja ukaliaji wa Wajerumani, Waitalia na Wabulgaria, mwaka 1941. Gharama za majeshi ya wavamizi zilitozwa hazina ya nchi, na hazina haikuwa na njia ila kuchapa noti. Katika majira ya baridi ya 1941 na 1942 watu walianguka kwa njaa barabarani Athens na Piraeus, na mikokoteni ikawaokota alfajiri. Bei zilipanda hadi ikachapwa noti ya drakma bilioni 100. Na mwezi wa Novemba 1944, nchi ilipokwisha kukombolewa, drakma mpya moja ilibadilishwa kwa drakma za zamani bilioni 50. Aliyekuwa na akiba ya maisha yake katika noti hakubakiwa na kitu. Aliyekuwa na pauni za dhahabu za Kiingereza, zilizoshonewa ndani ya godoro, alinunua nyumba za majirani zake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifuata, vikadumu hadi 1949. Nikos Godas, mchezaji wa Olympiacos aliyekuwa kapteni katika jeshi la upinzani la mrengo wa kushoto, aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1948 kwenye kisiwa kidogo karibu na Corfu, naye aliomba avae jezi ya klabu yake wakati wa kufa, ikakubaliwa.

Baada ya vita hivyo lilikatwa pande moja kubwa la jamii. Ili mtu aajiriwe serikalini, alitakiwa kuonyesha cheti cha polisi kilichothibitisha kwamba fikira zake za siasa ni safi. Na maelfu waliokuwa upande ulioshindwa, na jamaa zao, hawakukipata. Wakaenda Australia na Ujerumani, au wakafungua kiduka, gereji, kibanda cha cherehani. Naamini kwamba jambo hili lina uzito mkubwa kuliko wanavyoliona waandishi wengi wa uchumi, kwani Ugiriki hatimaye ikawa nchi ya Ulaya yenye sehemu kubwa kupita kiasi ya watu waliojiajiri, na dola iliyowanyima kazi iliona afadhali isiwachungulie sana vitabuni mwao. Yakawa ni mapatano yasiyoandikwa: sisi hatukupi kitu, nawe hutulipi kodi nyingi. Wakati huo huo wenye meli walipewa kinga za kisheria, wakatozwa kwa uzito wa meli badala ya faida. Mzigo ukawakalia watu wa mishahara na pensheni, ambao kodi yao hukatwa kabla fedha haijafika mkononi.

Mwaka 1953 waziri Spyros Markezinis alishusha thamani ya drakma kwa nusu kwa mpigo mmoja, mwaka uliofuata sifuri tatu zikafutwa, na dola moja ya Marekani ikawa drakma 30. Ajabu ni kwamba drakma hiyo ilitulia karibu miaka 20, na katika miaka hiyo nchi ilikua kwa kasi ambayo haijapata kuiona tena.

Klabu zinakuwa makampuni, 1971–1998

Katika siku za utawala wa kijeshi, mwaka 1971, Panathinaikos ikifundishwa na Ferenc Puskás ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Ulaya uwanjani Wembley, ikafungwa na Ajax mabao 2 kwa 0. Makanali waliotawala walitaka kuyafanya mafanikio hayo ya kufika fainali kuwa yao. Watu waliyasherehekea kuwa ya kwao wenyewe.

Mwaka 1979 sheria ilizigeuza timu za ligi kuu kuwa makampuni ya hisa, na uanachama wa mitaa ukawapisha wenye mali: wenye meli, wenye mafuta, wajenzi wa barabara. Mwaka 1981 Ugiriki iliingia katika Jumuiya ya Ulaya, na mwezi wa Februari mwaka huo huo, katika uwanja wa Karaiskakis, mashabiki 21 walikanyagwa hadi kufa kwenye lango namba 7 walipokuwa wakitoka mbio kushangilia ushindi wa Olympiacos juu ya AEK. Sijui kwa nini nchi zenye mapenzi makubwa kwa mpira ndizo hujenga milango myembamba.

Miaka ya themanini ilikuwa ya mfumuko wa bei wa karibu asilimia 20 kila mwaka. Drakma ilishushwa thamani mwaka 1983 na tena 1985. Mishahara ilipandishwa na bei zikaikimbia. Mtu mmoja aliikusanya hali ya zama hizo katika mkono wake: George Koskotas, aliyepanda kutoka ukarani hadi kumiliki Benki ya Krete, magazeti, na mwaka 1987 klabu ya Olympiacos. Mwaka uliofuata alimleta mchezaji wa Hungaria, Lajos Détári, kwa fedha zilizowashangaza watu. Na kabla mwaka haujakwisha ilidhihirika kwamba mamilioni ya dola yalikuwa yamechotwa benkini, naye akakimbilia Marekani. Kashfa hiyo iliitikisa serikali ya Andreas Papandreou, ambaye baadaye mahakama ilimwona hana hatia. Koskotas mwenyewe alihukumiwa kifungo.

Mwaka huo huo wa 1988 timu ya Larissa, ikielekea ubingwa, ilinyang'anywa pointi kwa sababu mchezaji wake alikutwa na dawa iliyokatazwa. Wakazi waliteremka barabarani, wakaikata barabara kuu inayounganisha Athens na Thessaloniki, nchi ikagawanyika vipande viwili kwa siku kadhaa, hata adhabu ikafutwa, na Larissa ikawa bingwa. Haki walikuwa nayo, au hawakuwa nayo, hilo na tuliache. Ila somo lililobaki ni kwamba kanuni hupinda mbele ya watu wengi wenye sauti. Hazina nayo ilipinda vivyo hivyo: kila baada ya miaka michache ilitoa msamaha kwa wakwepa kodi, walipe kidogo na faili lifungwe, na mlipaji mwaminifu akabaki akijiona kuwa ndiye mjinga.

Kuingia yuro, 1998–2009

Wagiriki waliipokea yuro kwa furaha, na kwa yote niliyoyaeleza furaha hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1998 nchi ilionekana haijatimiza masharti. Chini ya Waziri Mkuu Kostas Simitis nakisi ilipunguzwa, mfumuko wa bei ukashuka, na tarehe 1 Januari 2001 Ugiriki ikajiunga, yuro moja ikihesabiwa drakma 340.75. Kwa muuza duka aliyesikia kwa babu yake habari za mkasi, na kwa mama yake habari za noti ya bilioni 100, hii ilikuwa sarafu ya kwanza ambayo waziri wa Athens hakuweza kuigusa.

Lakini riba nafuu ilikuja pamoja nayo, na serikali na watu wakakopa. Mwaka 2004, mwaka ambao timu ya taifa chini ya Otto Rehhagel iliishinda Ureno 1 kwa 0 mjini Lisbon na kutwaa ubingwa wa Ulaya, na Athens ikaandaa Olimpiki, ilifichuka kwamba takwimu za nakisi zilizopelekwa Ulaya hazikuwa sahihi. Nchi ilikuwa katika shangwe, na wachache walisikiliza.

Kodi haikufuata sarafu mpya. Wachunguzi walipotumia picha za setilaiti juu ya vitongoji vya kitajiri vya kaskazini mwa Athens, mahali ambapo wakazi 324 walikuwa wametaja mabwawa ya kuogelea katika fomu zao, walihesabu mabwawa 16,974. Watafiti Artavanis, Morse na Tsoutsoura walipata njia nyingine ya kuuona ukweli: walitazama vitabu vya mikopo vya benki moja, kwani karani wa mikopo alijua vizuri kwamba daktari au mwanasheria aliyeandika mapato madogo alikuwa na uwezo wa kulipa mkopo mkubwa, naye alimkopesha kwa mapato ya kweli. Kwa hesabu yao, mwaka 2009 waliojiajiri walificha mapato ya yuro bilioni 28. Na walioficha zaidi hawakuwa wauza mboga, bali madaktari, wahandisi, walimu wa masomo ya ziada, wahasibu na wanasheria, ambao wenzao walikuwa wamejaa bungeni.

Miaka ya wadai, 2010–2015

Mwezi wa Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilitangaza nakisi ya mwaka huo kuwa zaidi ya asilimia 12 ya pato la taifa. Baada ya masahihisho ilizidi 15. Mwezi wa Aprili 2010, akisimama bandarini katika kisiwa cha Kastellorizo, aliomba msaada, na Mei ukaja mkopo wa yuro bilioni 110 kutoka nchi za yuro na Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti yalikata mishahara na pensheni, yakapandisha kodi, na kwa kuwa hazina haikuweza kuwafikia wenye kuficha, mwaka 2011 iliifunga kodi ya nyumba ndani ya bili ya umeme, ili asiyelipa akatiwe taa. Watu waliiita kwa jina la kodi ya kichwa waliyotozwa babu zao na Waturuki. Uchumi ulipoteza robo ya ukubwa wake, na mwaka 2013 watu 27 katika kila 100 walioweza kufanya kazi hawakuwa nayo. Na mwaka 2012 jarida la Hot Doc lilipochapisha orodha ya watu wapatao 2,000 wenye akaunti katika benki ya Geneva, orodha ambayo Christine Lagarde, wakati huo waziri wa fedha wa Ufaransa, aliipeleka Athens miaka miwili kabla, aliyekamatwa kwanza alikuwa mhariri, Kostas Vaxevanis, mahakama ikamwachia.

Klabu nazo zilifikiwa na siku za hisabu. Mwaka 2004 AEK ilikuwa imeokolewa kwa mapatano yaliyofuta sehemu kubwa ya madeni yake. Mwaka 2013 hakukuwa na mwokozi wa namna hiyo, ikashuka daraja kwa mara ya kwanza, kampuni yake ikafilisika, nayo ikaamua kuanza upya katika daraja la tatu, ikicheza na timu za vijijini mbele ya mashabiki waliofuatana nayo. Aris ya Thessaloniki ilipita njia hiyo mwaka uliofuata. PAOK, iliyokuwa imezama katika madeni ya kodi, ilichukuliwa mwaka 2012 na Ivan Savvidis, mfanyabiashara kutoka Urusi mwenye asili ya Wagiriki wa Ponto. Uchunguzi wa mechi zilizopangwa uliziangusha Olympiacos Volou na Kavala mwaka 2011. Na timu ya ridhaa ya Paleopyrgos, karibu na Trikala, ilipokosa mfadhili ilivaa jezi nyeusi zenye msalaba na jina la duka la mazishi, maana ndilo lililokubali kuifadhili.

Basi je, kuiacha yuro? Hoja ya waliotaka kuondoka haikuwa ya upuuzi, na ni haki tuieleze kama walivyoieleza. Walisema drakma iliyoshuka thamani ingezifanya bidhaa na hoteli za Ugiriki kuwa rahisi, kwamba Argentina iliinuka baada ya kuacha kuifunga sarafu yake na dola ya Marekani, na kwamba nchi isiyo na sarafu yake haina bunge lake. Lakini kikwazo kilikuwa katika hali ya madeni na katika kumbukumbu za watu. Mwaka 2012 hati za zamani za deni la serikali zilipobadilishwa kwa mpya zilizopunguzwa zaidi ya nusu, hizo mpya ziliwekwa chini ya sheria ya Uingereza. Kwa hiyo deni lingebaki la yuro hata mishahara ikigeuka drakma. Sisi wa Afrika Mashariki tulipoachana na shilingi moja mwaka 1966, nchi tatu zilibadilisha mpya moja kwa ya zamani moja, na jambo lilikuwa limetangazwa mapema. Wagiriki walijua kwamba kwao drakma mpya ingeanza kushuka siku ile ile. Tena waliojua kuhamisha fedha walikuwa wamekwisha kuhamisha: amana za benki zilishuka kutoka yuro bilioni 237 mwaka 2009 hadi bilioni 120 katikati ya 2015. Mwenye akaunti Uswisi angerudi na yuro zake kununua nchi kwa bei rahisi, kama walivyofanya wenye pauni za dhahabu mwaka 1944, na mwenye pensheni angelipwa kwa karatasi. Kwa hiyo naona kwamba wale mabibi na mabwana wazee walioshikilia yuro huku wakiwalaani wadai walijua wafanyalo.

Alexis Tsipras na chama chake cha Syriza waliingia madarakani Januari 2015. Yanis Varoufakis, waziri wake wa fedha, alitayarisha kwa siri njia ya malipo mbadala iliyotumia namba ya kodi ya kila raia: kila namba ingekuwa na akaunti, serikali ingelipa na kulipwa humo, na ikilazimu akaunti hizo zingegeuzwa drakma kwa usiku mmoja. Tarehe 28 Juni ilitangazwa kwamba benki zitafungwa. Kila kadi iliruhusiwa yuro 60 kwa siku. Na noti za yuro 20 zilipokwisha ndani ya mashine, watu waliosimama foleni juani walipewa 50 tu. Kura ya tarehe 5 Julai ilikataa masharti kwa asilimia 61. Wiki moja baadaye, mjini Brussels, baada ya Wolfgang Schäuble, waziri wa fedha wa Ujerumani, kupendekeza Ugiriki iondoke katika yuro kwa miaka mitano, Tsipras alikubali masharti mazito ili nchi ibaki humo, akapata ahadi ya mkopo wa hadi bilioni 86. Panagiotis Lafazanis na wenzake waliotaka drakma walijitenga na Syriza, wakaunda chama chao, wakaenda kwa wapiga kura mwezi wa Septemba. Walipata asilimia 2.86, chini ya tatu zinazohitajika kuingia bungeni.

Kadi na risiti, tangu 2015

Tokeo moja la kufungwa benki halikutazamiwa na yeyote. Watu waliokosa fedha taslimu walianza kulipa kwa kadi, duka baada ya duka likanunua mashine, na kila malipo ya kadi yaliacha alama ambayo haifichiki. Mwaka 2017 mamlaka ya mapato ilifanywa idara huru isiyo chini ya waziri, na ikaanzishwa bahati nasibu kwa waliolipa kwa kadi. Mapato ya kodi ya mauzo yakapanda. Mpango wa mwisho wa mikopo ulimalizika Agosti 2018, na mwaka 2022 deni la Shirika la Fedha la Kimataifa lililipwa kabla ya wakati.

AEK ilirudi Nea Filadelfeia mwaka 2022 katika uwanja mpya uliojengwa mahali pa ule wa zamani, na tarehe 29 Mei 2024, katika uwanja huo wa watoto wa wakimbizi, ni Olympiacos, hasimu wake wa bandarini, iliyoifunga Fiorentina 1 kwa 0 ikawa klabu ya kwanza ya Ugiriki kutwaa kombe la Ulaya. Mwishoni mwa 2023 bunge lilikuwa limepitisha sheria kwamba kila aliyejiajiri atahesabiwa kuwa amepata walau kima cha chini cha mshahara, aandike asiandike, mpaka athibitishe vinginevyo. Madereva wa teksi na wanasheria waligoma. Serikali haikurudi nyuma, na hakuna aliyetoa shauri la kurudi kwenye drakma.